Hakuna Anayekuja Kuomba Moto

Kwa Mzee Hhando,
Kijiji cha Qamdoro,
Mbulu, Manyara.
21 Aprili 2024

Mpendwa kaka yangu Evarist,

Shikamoo kaka. Naomba uniitikie marahaba kwa sauti hapo ulipo, hata kama wifi atashangaa unaongea na karatasi. Ni muda sasa sijaamkia mtu akaniitikia, na nimeikumbuka hiyo marahaba kuliko nyama.

Habari za Newala? Joto limekuzoea au bado linakuonea? Wifi Ludovika mgongo umepona, au bado anatembea ameshika kiuno? Na Thadei nilisikia kwa watu amefaulu kwenda kidato cha kwanza. Nilifurahi peke yangu jikoni mpaka nikatoka nje nikamwambia ng'ombe. Usicheke, utaelewa mbele ya safari kwa nini namwambia ng'ombe.

Sisi huku miili ni mizima. Mimi sina homa, nakula nashiba. Baba yupo, ila kifua kinambana asubuhi, na mwaka huu ukungu unakaa mpaka jua liko juu kabisa. Mvua imepitiliza. Maharage mengi yameozea shambani, lakini vitunguu saumu vya upande wa juu vimesimama vizuri. Doa amezaa ndama jike mwenye alama nyeupe kwenye paji kama mama yake. Shangazi wa Dirma alituma salamu wakati wa Pasaka, anasema huko kwao Hanang nyasi zipo na ng'ombe wananenepa.

Utauliza kwa nini nimeandika barua kama watu wa zamani wakati simu ninayo. Mtandao hapa unashika sehemu moja tu, kule kwenye kilima nyuma ya nyumba ya mzee Bura. Na kwa Bura siruhusiwi kukanyaga. Barua hii anaibeba Mwalimu Imakulata, yule binti wa Songea anayefundisha shule yetu ya msingi, ambaye kesho anakwenda posta Mbulu mjini. Yeye ni mgeni, mambo yetu hayamfungi, kwa hiyo ndiye pekee anayenisalimia. Mungu amzidishie.

Kaka, nimetengwa. Nimeshaliandika, sasa naweza kuendelea.

Umeondoka kwetu muda mrefu, na huko kwenu watu wakigombana wanakwenda serikali ya kijiji yanaisha. Kwa hiyo nikukumbushe. Mtu akitengwa hapa hapigwi wala hafukuzwi. Anaachwa tu. Hakuna anayemsalimia, na akisalimia yeye watu wanaangalia majani. Hakuna anayeazima jembe lake wala kumwazima la kwao. Akiita watu kwenye palizi haji hata mmoja. Na hakuna anayekuja kuomba moto. Najua siku hizi kila nyumba ina kiberiti, lakini asubuhi ya mvua nani atahangaika na njiti zilizolowa wakati kwa jirani kunafuka moshi? Jikoni kwangu walikuwa wanapishana mlangoni na vipande vyao vya bati vya kubebea makaa, wakikaa kidogo, wakinisengenya mimi mwenyewe mbele yangu. Sasa nimebaki na moshi wangu. Hata kwenye grupu la WhatsApp la kijiji nimeondolewa. Wazee wetu wamekwenda na wakati, hawakuacha upenyo.

Sababu ni zahanati. Lile boma la zahanati unalijua, mwaka ule ulipokuja kumzika mama ulilibebea mawe siku ya msaragambo, kijiji kizima tulipojitolea. Unakumbuka lilivyoanza. Marieta, mke wa Bura, mkwe wake alishikwa na uchungu korongo likiwa limejaa, wakashindwa kuvuka kwenda kituo cha afya cha ng'ambo. Akajifungulia pale pale kwenye matope, na mtoto hakuishi. Marieta hakulia mbele za watu. Kesho yake aliteremka mtoni akarudi na jiwe kichwani, akalitua pale uwanjani kwenye nyasi, akarudi kuchukua lingine. Wanawake tukaona, tukamfuata. Hakukuwa na kikao wala mgeni rasmi. Mawe yalipokuwa mengi ndipo wanaume wakaanza kuulizana nani ana mwiko na kamba.

Mimi walinichagua diwani kwa sababu ya mawe yale. Walisema Genoveva ana mdomo, aende akatusemee tupate mabati na muuguzi. Nilikwenda, nikasema mpaka nikaonekana kero. Boma likafika kwenye lenta. Mwaka jana tukaambiwa mabati yetu yamepangwa, yanakuja. Marieta alicheza, kaka. Yule mama mzito vile alicheza.

Kisha mwezi wa kwanza, kabla ya baraza la madiwani, tukaitwa kwenye kikao cha chama. Unajua kikao cha chama, yakishaamuliwa mle ndani hakuna kupinga ukumbini. Tukaambiwa mabati ya Qamdoro yatahamia kata nyingine iliyo karibu na barabara kuu, kwa sababu kule jengo likikamilika linaonekana na wageni wakija wanafika kwa gari bila kutaabika. Nikasema je, korongo letu? Nikaambiwa Mheshimiwa Genoveva, hili limeshaamuliwa, atakayesema siyo ukumbini ataitwa kamati ya maadili, na mwakani kwenye uteuzi asahau jina lake kurudi. Onesphory alikuwa amekaa pembeni. Unamkumbuka Onesphory, yule aliyeshindwa na wewe mbio shuleni akasema ulimkata mtama? Ndiye anayekitaka kiti changu. Alikuwa anatabasamu na kalamu mdomoni.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo nilipojitia kitanzi mwenyewe.

Wazee watatu wa kijiji walikuja kusikiliza baraza: Bura, baba, na mzee mmoja wa kitongoji cha chini. Walikaa kule nyuma kwenye viti vya wananchi, kofia zao magotini. Mimi nikajiona mjanja. Nilijiambia, siyo sitasema, chama hakitanisikia nikipinga. Na ndiyo sitasema, wazee wangu wataona nimekataa. Kwa sababu kwetu mtu anakataaje? Mzee anasimama anaomba baraka, watu wote wanaitikia, na asiyekubali anafunga mdomo. Basi. Anayeomba akisikia itikio limepungua, anasimama pale pale na kuuliza ni nani amebaki. Jambo haliendi mbele mpaka yule aliyenyamaza aulizwe ana nini. Nimekua hivyo, wewe umekua hivyo, hata kuku wetu wanajua.

Mwenyekiti akasema wanaoafiki waseme ndiyo. Ndiyo! Ukumbi mzima. Mimi kimya. Wasioafiki waseme siyo. Kimya, na mimi kimya. Nikawa nangoja asimame aulize nani amebaki. Mungu wangu, nilingoja kwa dhati. Akagonga meza akasema limepita kwa kauli moja, tuendelee na ajenda ya minada.

Kwa kauli moja! Na mimi nimo ndani ya hiyo moja.

Na cha kunimaliza kabisa, nilikuwa nimekaa mstari wa mbele. Wazee wangu walikuwa nyuma yangu. Nilifunga mdomo kwa nguvu zote ili waone, na wao walichoona ni kitambaa cha kichwani. Mdomo wangu wangeuonea wapi?

Tulipotoka Bura akanisubiri kwenye ngazi. Unajua Bura hapandishi sauti. Akaniuliza kama nilisema siyo. Nikamwambia nilinyamaza, mzee. Akauliza kama mwenyekiti alisimama kuniuliza. Nikasema hapana. Akaniangalia, akavaa kofia yake.

"Basi ulimnyamazia nani?"

Nimetafuta jibu tangu siku hiyo, kaka. Napika nalitafuta, napalilia nalitafuta. Yale mabati yalipita na lori barabara ya chini wiki ile ile. Marieta aliyaona akiwa anafua.

Wazee wakakaa juu ya kilima. Sikuitwa kujitetea, diwani aliyetumwa na watu hajitetei, watu ndio wanaosema. Na unajua utaratibu: mtu akitengwa, mzee wa nyumba yake ndiye anayetamka kwanza, ili isije ikasemwa baadaye kwamba majirani waliionea nyumba hiyo. Kwa hiyo aliyetamka ni baba. Baba yetu mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba Genoveva binti Hhando moto wake usiombwe mpaka hapo wazee watakapokaa tena. Kisha wengine wakaitikia.

Nilikasirika, sikufichi. Nilikasirika mpaka nikavunja mwiko wa ugali. Tangu Yohanes wangu afariki nikarudi hapa, ni nani anampikia? Ni nani anamkanda kifua? Alirudi kutoka kilimani taratibu na fimbo yake, akapita mbele yangu bila kuniangalia, akachukua blanketi lake na sufuria ndogo, akahamia upande wa ndama. Akaweka mawe matatu chini ya upenu akaanza kujipikia. Kaka, baba hajawahi kupika ugali tangu azaliwe! Ule wa kwanza hata mbwa aliunusa akaenda zake. Mimi niko mlangoni nimeshika mboga ya maboga na maziwa, na yeye anatafuna makaa. Nilitaka kucheka na nilitaka kulia, nikaingia ndani nikafanya vyote viwili.

Tumeishi hivyo. Hasemi nami, lakini anasema na Doa. Akitaka nijue jambo anasimama zizini na kumwambia ng'ombe. "Doa, mwambie mwenye nyumba paa linavuja upande wa mashariki." Na mimi nikienda kuosha vyombo namjibu Doa kwamba nimeona, nitapanda kesho. Siku moja akamwambia Doa mwenye nyumba apunguze kulia usiku, ndama anashindwa kulala. Nikamwambia Doa huyo anayeshindwa kulala si ndama. Doa ametuvumilia sana, ukipata pesa mnunulie chumvi ya jiwe.

Huku nje ndiko kugumu. Kisimani nikifika wanawake wananyamaza, wanajaza ndoo zao na kuondoka, hata ambao ndoo haijajaa. Kanisani nakaa benchi peke yangu kama nina upele. Wakati wa kupeana amani wanageukia upande wa pili. Boda boda hawanibebi, naenda vikao kwa miguu mpaka barabara kuu ambako hawanijui. Na nikifika huko halmashauri, haya, kila mtu ananiita Mheshimiwa, Mheshimiwa karibu chai, Mheshimiwa hongera kwa utulivu wako. Utulivu! Huku natengwa kwa sababu nilikubali, kule napongezwa kwa sababu nilikubali, na mimi sikukubali. Niende wapi? Nikiacha udiwani, Onesphory anaingia kesho yake, na kijiji hakitakuwa hata na mtu wa kunyamaza. Nikibaki, nabaki kuwa diwani wa kata ambayo haisemi nami. Wanawake wangu siwezi hata kuwauliza wana shida gani. Napita nachungulia mwenyewe, bomba limekauka, choo cha shule kimetitia, naandika, naenda nasema.

Mwezi uliopita mambo yakabana zaidi. Kulikuwa na kikao cha mkoa Babati, na taarifa ya afya ya halmashauri yetu ilitakiwa kusomwa mbele ya mkuu wa mkoa. Wakasema aisome mwenyekiti wa kamati ya elimu, afya na maji, na huyo ni mimi. Taarifa waliniandalia wao. Ukurasa wa pili palikuwa na maneno kwamba mradi wa zahanati umehamishwa, na wananchi wa kata husika wameridhia. Nikawaambia hili mimi siwezi kulisoma. Wakacheka kwa upole. Wakaniambia ndiyo maana tunataka usome wewe, kata ni yako, ukisoma wewe nani atauliza?

Nilikwenda Babati. Nilivaa lile gauni la bluu la harusi ya mdogo wetu Gaudensia, maana nilijiambia kama ni kuanguka nianguke nimependeza. Ukumbi ulikuwa umejaa: wabunge, wakuu wa wilaya, wakurugenzi, watu wa miradi na kompyuta zao. Na safari hii, kaka, anayesoma taarifa anasimama mbele na kuwatazama watu. Nikasoma ukurasa wa kwanza vizuri, chanjo, vyandarua, sauti yangu inatoka. Nikageuza karatasi. Nikasoma mradi wa zahanati ya Qamdoro umehamishwa. Nikafika kwenye "na wananchi".

Nikafunga mdomo.

Sikupanga. Naapa kwa kaburi la mama sikupanga. Maneno yale yalikuwa mbele ya macho na mdomo ukakataa. Nikasimama tu. Mwanzo walidhani natafuta miwani. Mwenyekiti wetu wa halmashauri akakohoa. Mkurugenzi akaanza kunyanyuka. Mimi naangalia mbele, na mdomo wangu wanauona wote mle ndani.

Mkuu wa mkoa akaweka kalamu chini akauliza, "Mheshimiwa diwani, umenyamaza. Kuna nini?"

Kaka, niliulizwa. Mtu mgeni, ambaye hajui hata kijiji chetu kiko upande gani, aliona nimenyamaza akasimamisha jambo akaniuliza. Machozi yalinitoka pale pale, mbele ya wakurugenzi. Nikasema wananchi hawajaridhia. Nikasema wale wananchi walibeba mawe kichwani kutoka mtoni kwa sababu mtoto alifia kwenye matope. Nikasema na mimi barazani sikuridhia, nilinyamaza, na kwetu anayenyamaza amekataa mpaka aulizwe, na sikuulizwa. Nilisema mengine ambayo siyakumbuki. Mbunge mmoja alikuwa anatikisa kichwa, sijui ni kwa kunihurumia au kwa kunilaumu.

Mkuu wa mkoa hakunisifu wala hakunikemea. Alisema kipengele hicho kirudi halmashauri kikajadiliwe upya, na wananchi waulizwe kwanza. Kisha akasema tuendelee.

Usifurahi haraka. Mabati yameshapigwa misumari huko yalikoenda, hakuna mtu atakayeyabandua. Chama kimenipigia simu nikiwa bado stendi Babati: mwezi ujao nijieleze mbele ya kamati ya maadili kwa nini nimekidhalilisha. Onesphory ameanza kusalimia watu mnadani kwa mikono miwili. Nakuwa diwani kwa muda mfupi uliobaki, nadhani.

Na kijijini je? Kijijini hawajui lolote! Hilo ndilo linaloniua. Nimesema mbele ya mkoa mzima, na siwezi kumwambia hata jirani, maana aliyetengwa hasikilizwi. Mtendaji wa kata anajua, lakini anaogopa kibarua chake. Imakulata anajua, nilimwambia, akataka kwenda kwa Bura amweleze. Nikamkataza. Mgeni akibeba neno la aliyetengwa kwa wazee itaonekana nimemtuma, na itakuwa mbaya zaidi. Nilirudi kwa miguu kutoka barabara kuu, nikapita katikati ya kijiji na lile gauni la bluu lina matope mpaka magotini, na kila mtu akaangalia majani.

Basi nikaenda zizini, nikamwambia Doa. Nilimwambia yote, kuanzia ukurasa wa kwanza, na sikushusha sauti. Upande wa pili wa ukuta sufuria ya baba ilikuwa inalia, kisha ikaacha kulia. Nilipomaliza nikachukua ndoo ya kukamulia. Kisha nikasikia, "Doa, aliulizwa?"

Nikasema Doa, niliulizwa.

"Na aliyeuliza alikuwa anamwona mdomo?"

Nikasema alikuwa ananiona, Doa. Walikuwa wananiona wote.

Nikakamua, nikaingia ndani.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike. Alhamisi hii mvua ilinyesha usiku kucha, ya mawe, maji yakaingia chini ya upenu na kuni zake zote zikalowa. Asubuhi nilimsikia anahangaika na kiberiti. Kifua chake kilikuwa kinalia, nilikisikia kutoka jikoni. Nikasema moyoni, Mungu, mimi nifanye nini, siwezi hata kumpelekea kaa moja. Kisha mlangoni pakaingia kivuli. Baba alikuwa amesimama na kipande cha bati.

"Hodi. Nimekuja kuomba moto."

Nikamwambia baba, wazee hawajakaa. Akaniambia anajua, yeye ndiye aliyetamka yale maneno, hajayasahau. Nikamwambia baba, ukichukua moto wangu na wewe utakuwa kama mimi. Akasema, "Nina masikio, Genoveva. Weka moto."

Aliniita jina langu. Niliweka makaa, moja likaanguka likaunguza mkeka. Lakini hakuondoka nayo. Aliyaweka yale makaa chini, akakaa kwenye kigoda cha mama, akaniuliza kama kuna uji. Alikunywa bakuli tatu. Kisha akabeba kile kipande cha bati, akatoka nacho nje kinafuka moshi, akapita nacho njia ya juu, ile ya mbele ya nyumba ya Bura, wakati upenu wake uko hapa hapa hatua chache. Marieta alikuwa uani kwake anatwanga. Alishusha mchi. Baba akamwonyesha ule moto na kupita.

Mpaka mchana kijiji kizima kilikuwa kinajua. Sasa tumetengwa wawili. Jioni baba alimwamkia Bura njiani, rafiki yake tangu wakichunga ndama, na Bura akaangalia majani. Baba alirudi akakaa, akasema eti majani ya mwaka huu ni mazuri, kila mtu anayaangalia. Alicheka mpaka akakohoa, na alipokohoa hakuacha haraka.

Ninaogopa, kaka. Nakwambia wazi. Kwa upande wangu nilishazoea. Lakini kifua cha baba si kizuri, na korongo limejaa, na zahanati yetu ni kuta bila paa. Mungu apishe mbali, baba akiondoka sasa hivi, hakuna atakayekuja kuchimba. Mzee aliyewachimbia nusu ya kijiji hiki. Nitachimba mimi na mwalimu wa Songea. Yeye analijua hilo. Nilipomwambia, alisema ndiyo maana akaupitisha moto mchana, asije mtu akasema baadaye kwamba aliuomba gizani.

Wazee hawawezi kukaa tena mpaka mtu wa nyumba hii aende kuwaomba. Mimi siwezi, na baba, aliyetamka, hakuweza kwenda kuyaomba maneno yake mwenyewe, na sasa hata hasikilizwi. Umebaki wewe. Naomba uje, Evarist. Omba ruhusa kazini, uza kitu, kopa kwa wifi, lakini uje kabla ya ile kamati ya mwezi ujao.

Na ukija usije nyumbani. Nakuomba sana, maana najua moyo wako. Ukinywa hata maji yangu utakuwa wa tatu, na hapo hakuna atakayebaki wa kutusemea. Shuka kwenye gari, njoo moja kwa moja njia ya juu. Utapita mbele ya mlango wetu. Baba atakuwa amekaa nje, siku hizi anakaa nje makusudi. Usimwamkie. Usigeuze shingo. Angalia majani, upite, nenda kwa Bura, ukae chini uwaambie wazee kwamba Genoveva alinyamaza, na aliulizwa, na akajibu.

Nilimsomea baba sehemu hii nikaona ataumia, mwanawe wa kwanza kupita mlangoni bila salamu. Akasema nikuandikie hivi, nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie apite tu. Shikamoo yake nimeshaipokea."

Msalimie sana wifi Ludovika na Thadei, umwambie asome, shangazi yake yuko nyuma yake. Msalimie Gaudensia akikupigia, usimwambie yote, ana presha. Shangazi wa Dirma mwambie tu mvua ni nyingi. Baba anawaombea wote, na mimi nimemwitikia kwa sauti, jikoni, tukiwa wawili.

Mungu akulinde njiani na akufikishe korongo likiwa limepungua.

Ni mimi dada yako nikupendaye, nitakayekuona ukipita,

Genoveva Hhando